Usiku wa Marungu: mfuko wa kulalia kwa pesa tuliyo nayo

Tangu mvua zimekatika, swali moja linarudi katika vikundi vyetu kila juma. Wanaume wanaojiandaa kupanda Marungu kuwinda wanaomba pesa ya kununua sac de couchage, yaani ule mfuko wa kulalia wenye zipu ambao siku hizi unaonekana mara moja moja ndani ya mitumba sokoni. Muuzaji anausifu, bei yake inatisha, na pesa inatoka kwenye sanduku lilelile la karo na la unga wa bukari. Basi mama anauliza: je, huu mfuko una faida kweli, au baba ameona kitu kizuri tu?

Faida iko. Lakini mara nyingi tunanunua kitu cha pili kabla ya kitu cha kwanza, na tunamnunulia mtu mmoja huku tukimsahau mwingine. Nitaanza na huyo aliyesahaulika.

Wawindaji hawako peke yao katika kulala kwenye baridi. Hesabuni wamama wanaokwenda kununua maharagwe upande wa Moba na juu ya uwanda, wanaolala juu ya magunia ndani ya kamyo iliyokwama, au kwenye baraza la duka wakingoja gari la asubuhi. Hesabuni wanaovuka usiku kwa boti ya mbao, upepo wa ziwa ukiwapiga mbavuni. Hesabuni wanaokaa mashambani juma nzima wakati wa mavuno. Mwindaji anafungiwa blanketi kwa heshima, kwa sababu safari yake ina jina kubwa. Mama wa maharagwe anaondoka na kikwembe kimoja begani, na kikwembe hichohicho ndicho nguo, kitanda, mbeleko na kifuniko. Sasa mkikaa kupanga pesa ya kipupwe, pangeni kwa ajili ya wote wawili.

Kwanza tujue baridi yenyewe. Kalemie iko karibu mita 770 juu ya bahari, na ziwa linatusaidia: maji yale mengi hupoa polepole, kwa hiyo usiku wetu si mkali sana. Milima ya Marungu inapita mita 2000, na penye kilele inapita 2400. Kanuni tunayofundisha shuleni ni kwamba ukipanda mita 1000, joto hupungua kama digrii 6. Kwa hiyo mtu akitoka hapa mjini alfajiri ya digrii 18, mwenzake aliyelala juu ya mita 2000 ana kama digrii 10 au 11. Ongeza upepo. Ongeza anga isiyo na wingu, inayoacha joto la ardhi lipande na kupotea. Ongeza pia bonde, maana hewa baridi ni nzito na huteremka kama maji. Anayepiga kambi chini kabisa kando ya kijito hulala mahali penye baridi kuliko aliye katikati ya mteremko. Digrii 10 zikisomwa kwenye karatasi zinaonekana ndogo. Kwa mtu aliyelowa jasho la kupanda mlima, aliyekula kidogo, aliyelala chini, zinatosha kumfanya aamke saa nane za usiku akitetemeka na asilale tena.

Pili, mfuko wa kulalia hautoi joto. Hapa ndipo wengi wanapotea. Wamama, ninyi mnalijua jambo hili kuliko wanaume: mkichemsha maharagwe kwa muda, mkaitoa sufuria motoni na kuifunga vizuri kwa mablanketi ndani ya kikapu, yanaendelea kuiva bila makaa. Blanketi halikuleta moto. Limezuia moto uliokuwamo usitoroke. Mtu aliyelala ni ile sufuria. Akiingia ndani ya mfuko tayari amepoa, na tumbo tupu, mfuko utahifadhi ubaridi wake. Akila bukari na samaki jioni, akatembea kidogo, akavaa nguo kavu kisha akaingia, mfuko uleule utaonekana mzuri mara mbili.

Nilifanya jaribio moja na watoto wa darasa la sita. Chupa tatu za plastiki, kila moja na maji ya moto yasiyochemka. Ya kwanza tuliilaza juu ya sementi na kuifunika kwa kipande cha blanketi. Ya pili tuliilaza juu ya majani makavu, unene wa kiganja, na kuifunika kwa kipande kinachofanana. Ya tatu tuliizungushia kitambaa chenye maji na kuiweka dirishani. Baada ya saa moja watoto walizishika kwa mikono. Ya kitambaa chenye maji ilikuwa imepoa kabisa. Ya sementi ilikuwa vuguvugu. Ya majani bado ilikuwa na joto la kupendeza. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe blanketi linatakiwa kwenda chini." Sikuwa na la kuongeza ubaoni.

Ndiyo sababu nasema tunanunua kitu cha pili kabla ya kitu cha kwanza. Ukilala, uzito wa mwili unaminya manyoya au pamba iliyo chini yako, na kitu kilichominywa hakina hewa ndani, na kisicho na hewa hakizuii baridi. Mfuko mzuri sana, wa bei ya mbuzi, ukiutandika juu ya udongo mtupu, upande wa chini unabaki kama shuka. Ardhi inakunywa joto lako usiku kucha.

Dawa ya ardhi ni ya bei ndogo. Kata kipande cha godoro la sponji, ile tunayoita musi, chenye unene wa vidole vitatu, kuanzia mabegani mpaka kwenye matako. Miguu inaweza kulala juu ya mfuko wa mzigo. Kama sponji ni ghali, chukua magunia mawili ya plastiki yaliyotoka unga au mchele, yashone ubavu kwa ubavu, uyaache midomo wazi. Mwindaji hubeba magunia matupu, hayana uzito wowote. Akifika kambini anayajaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba mpaka, akilalia, ubaki unene wa vidole vinne. Asubuhi anamwaga. Jamaa waliokaa kwenye kambi za wakimbizi hapa pembeni ya Kalemie mwaka 2017 wanajua hili bila mwalimu: aliyepata majani ya kuweka chini ya bashi alilala, na aliyepata blanketi peke yake alikaa macho.

Mkeka pekee hautoshi. Ni mzuri kwa vumbi, lakini ni mwembamba mno. Uwe juu ya majani, usiwe badala ya majani.

Sasa mfuko wenyewe.

Mifuko inayofika sokoni kwetu imejazwa vitu vya aina mbili. Mingine ina manyoya laini ya bata, yale ya karibu na ngozi. Hiyo ni myepesi ajabu, inajikunja mpaka inakuwa kama mkate, na ina joto kuliko yote. Lakini manyoya yakilowa yanashikana kama unga wenye maji, joto linakwisha, na kukauka kwake ni siku nyingi. Mingine ina nyuzi za poliesta. Ni mizito kidogo, ni minene ukiifunga, lakini ikilowa inabakiza joto kiasi na hukauka haraka juani. Kwa mtu wa Kalemie anayevuka mito, anayesafiri kwa boti, anayelala penye umande, mimi nachagua poliesta bila kusitasita. Manyoya ya bata ni ya mwenye hema zuri na mahali pa kukaushia. Utayatambuaje? Minya mfuko kwa vidole: manyoya huteleza, na pengine utagusa kijiti chembamba kama mwiba, poliesta hukaa mahali pake kama pamba ya mto. Na ukiona unyoya mdogo unatoka kwenye mshono, umekwisha kujua.

Kuna pia mifuko yenye bitana ya pamba ya manyoyamanyoya, yenye picha za bata na wawindaji. Inavutia macho. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Mji huu uliwahi kusuka pamba pale Filtisaf, na sina ugomvi na pamba: kwa shati la mchana ni nguo ya heshima. Kwa usiku wa baridi mlimani, iacheni dukani.

Halafu tafuteni lebo. Huwa imeshonwa ndani karibu na zipu, au kwenye kifuko cha kuingizia. Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wazima wakiuingia. Mfuko uliotoka Marekani unaandikwa kwa vipimo vya Fahrenheit, ambavyo si digrii zetu. Mama anasoma "40" na kufikiri ni mfuko wa nchi yenye joto. Sivyo. Ondoa 32, kinachobaki ugawanye kwa 1,8, utapata digrii zetu: 40 inakuwa kama digrii 4. Hivyo 50 ya Marekani ni digrii 10, 32 ni sifuri yetu, mahali maji yanapoganda, na 20 ni kama digrii 7 chini ya sifuri. Ukikuta "0" na herufi F, huo ni wa digrii 18 chini ya sifuri, mfuko wa nchi ya theluji; kwetu mtu atauloweka jasho na mgongo utamuuma kuubeba.

Mfuko uliotoka Ulaya huwa na namba tatu: confort, limite, extrême. Wauzaji hupenda kusoma ile ya tatu, kwa sababu ndiyo inayoonekana ya ajabu. Msiwafuate. Extrême ni hali ambayo mtu anahesabiwa ataishi tu, saa sita, akiteseka, si kulala. Na hizo mbili nyingine zina habari ambayo wamama inawahusu moja kwa moja: namba ya confort imepimwa kwa mwili wa mwanamke wa kawaida, na namba ya limite kwa mwili wa mwanaume wa kawaida aliyejikunja. Kwa nini? Kwa sababu kwa kipimo hicho mwanamke huanza kuona baridi mapema kuliko mwanaume. Mfuko uleule unaosema digrii 5 kwa mama unasema karibu sifuri kwa baba. Basi baba akisema, "Mimi nililala vizuri na blanketi moja, wewe unalalamika nini?", mama hana haja ya kugombana. Amwonyeshe lebo.

Kwa Marungu wakati wa kipupwe, tafuteni confort ya karibu digrii 5, au 40 ya Marekani ikiwa mfuko ni mpya. Lakini mfuko wa mtumba umelaliwa, umefuliwa, umekunjwa miaka, nyuzi zake zimechoka. Chukua unaoonyesha namba ya chini kidogo, karibu sifuri yetu, 30 au 32 ya Marekani, ili ulichopotea kiwe kimehesabiwa. Na kama lebo imekatwa, msikilize mkono wako kuliko mdomo wa muuzaji.

Mkono unafanya hivi. Kung'uta mfuko, utandaze juu ya meza, uache upumzike wakati unachagua vitu vingine. Ukirudi, tazama umeinuka kiasi gani. Ukifungwa zipu na kulala tambarare, uwe na unene wa kiganja kizima ukisimamisha mkono upande wa kidole gumba. Ukibaki bapa kama shuka mbili, umekufa, hata ukiwa na jina kubwa. Kisha uinue mbele ya jua. Utaona sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Zile nyeupe ni mahali ambapo nyuzi zimekimbia, na ndipo baridi itaingia. Nyeupe kidogo magotini inavumilika. Nyeupe kwenye mgongo na miguuni, rudisha.

Vuta zipu, ile tireti, mara tano kwenda na kurudi. Mfuko usiofunga ni blanketi la bei ghali. Kichwa cha zipu kikiwa kimechoka fundi anaweza kukibadili kwa pesa kidogo, lakini meno yakivunjika ni kazi nyingine. Nusa ndani: harufu ya ukungu haitoki kwa sabuni moja. Na mwenye kuulalia aingie palepale sokoni, watu wacheke. Miguu ikisukuma mwisho wa mfuko, itaminya nyuzi na vidole vitaganda; ukiwa mpana kama nyumba, atapasha hewa tupu usiku mzima. Wenye kofia ya kufunga kwa kamba una faida, kwa kuwa kichwa kilicho nje ni dirisha lililo wazi. Kama hauna kofia, kofia ya sufi ya mtoto wa shule inafanya kazi hiyohiyo.

Ukifika nao nyumbani, usimpe mtu siku hiyo. Kitu cha mtumba kinaweza kuja na chawa, kunguni, au vijidudu vya upele. Ufunge ndani ya plastiki nzito, uache juma moja. Vijidudu vya upele haviwezi kukaa hai muda huo bila ngozi ya mtu. Chawa na kunguni ni wagumu zaidi, kwa hiyo kagua mishono yote, kisha ufue kwa maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia na sabuni ya kawaida, bila jik. Suuza mpaka maji yawe safi, usiukamue kwa kuusokota, na uanike juani siku nzima ukiugeuza. Wa manyoya ya bata unataka siku kadhaa na kupigwapigwa ili mabonge yafunguke.

Na kama hakuna mfuko wa kununuliwa? Hapa nina furaha kusema kwamba wamama wenye mashini ya kushona hawahitaji kungoja balo lifunguliwe. Chukueni mablanketi mawili mazito ya poliesta, yale yenye manyoya, yawekeni moja juu ya jingine. Shoneni chini na ubavu mmoja wote. Ubavu wa pili shoneni mpaka kiunoni, juu mwekee kamba nne za kufungia badala ya zipu. Nje zungushieni kitambaa chepesi kinachozuia upepo, hata bitana ya koti kuukuu la mvua. Msitumie plastiki isiyopumua kuzunguka mwili mzima: mtu hutoa maji kwa jasho na pumzi usiku kucha, na plastiki itayarudisha ndani, asubuhi ataamka amelowa. Bashi ikae juu, mbali na mwili kidogo, kama paa. Mfuko huu ni mzito kuliko wa dukani. Kwa mwindaji anayetembea siku mbili ni shida. Kwa mama wa kamyo si shida hata kidogo, maana gari ndilo linalobeba, na mchana unakuwa mto wa kukalia juu ya magunia.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumnunulia kila mtu kitu kimoja. Anayetembea kwa miguu, pesa iende kwenye mfuko wa poliesta mwepesi na magunia matupu ya kujaza majani. Anayesafiri kwa gari au boti, mablanketi ya kushonwa na sponji.

Mama mwenye mtoto mchanga asimfungie ndani ya mfuko wenye zipu, hata kwa upendo. Mtoto anaweza kuteleza chini akakosa hewa. Mtoto mchanga akae kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa chake juu na uso wazi, amevaa kofia, na nguo za mama zimzunguke. Ndiyo njia iliyoanzishwa na madaktari huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo inafundishwa duniani kote. Mama akiona usingizi unamshinda na hakuna wa kumwangalia mtoto, ni afadhali safari ingoje.

Sasa niseme juu ya moto, kwa sababu hapa ndipo watu wanakufa.

Mbabula haiingii ndani ya hema, wala ndani ya kibanda kilichofungwa, wala chini ya bashi iliyoshushwa pande zote. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyokufanya ukohoe. Kichwa kinauma, unasikia uchovu na kichefuchefu, unafikiri ni safari, unalala, huamki. Watu husema, "Makaa yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi, hayana hatari." Ni kinyume: moshi ungekuamsha. Mkitaka joto la moto, otea nje, kisha acheni moto nje mwende kulala. Au pasheni maji, yatieni ndani ya chupa inayofunga vizuri, muizungushie kitambaa, iwekwe miguuni ndani ya mfuko. Mawe yaliyotoka motoni msiyatumie. La mtoni linaweza kupasuka, na lolote linaweza kuchoma nyuzi.

Nailoni na poliesta haziungui kama pamba, zinayeyuka na kushika kwenye ngozi. Cheche moja inatoboa mfuko. Ndimi za moto zinaleta kidonda cha miezi. Anayelala na mfuko awe hatua tano au sita kutoka motoni, upande ambao upepo unatoka. Najua mwindaji wa zamani hulala mgongo wake ukigusa majivu. Huyo alikuwa na blanketi la sufi.

Na lutuku? Lutuku inapasha moto uso na kifua kwa sababu inaleta damu kwenye ngozi, na damu ikifika kwenye ngozi inapoa. Mtu anajisikia vizuri huku joto la ndani linashuka. Wekeni chai yenye sukari nyingi katika mzigo wake badala ya chupa ile. Mkijua dalili mtaweza kuwafundisha wanaosafiri: anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Anayeacha kutetemeka bila kupata joto, akaanza kujikwaa, kuongea kama mlevi, kukataa blanketi, huyo yuko hatarini. Joto la mwili wake huenda limeshuka chini ya digrii 35. Avuliwe nguo zenye maji, akaushwe, aingizwe ndani ya mfuko pamoja na mtu mwenye joto, apewe kitu cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza mwenyewe. Asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu, asisimamishwe kutembezwa. Ateremshwe kwenye kituo cha afya akiwa amelala.

Jambo dogo ambalo wawindaji hawapendi kusikia: vibanda vya udongo vilivyoachwa njiani vinaonekana kama baraka usiku wa baridi, lakini kwenye sakafu na nyufa zake hukaa kimputu, yule kupe anayeuma gizani na kuacha homa inayokwenda na kurudi. Afadhali majani mapya chini ya bashi nje. Na nyanda za chini, kabla ya kupanda, chandarua bado kinahitajika. Mfuko hauzuii mbu kula uso.

Tena, kabla ya kutoa pesa kwa ajili ya safari ya kuwinda, mama ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka kibali, na milima ya Kabobo, kaskazini mwa mji wetu, ni hifadhi ya wanyama tangu 2016. Mfuko wa kulalia unaokamatwa na walinzi wa hifadhi pamoja na bunduki na mwenyewe ni hasara ya nyumba nzima.

Kuhusu bei, sitaandika namba, kwa sababu franka ya juma hili si ya juma lijalo na kila balo lina bei yake. Nitaandika hesabu. Tuseme mfuko ni franka 60.000, na baba analala nje usiku 10 kwa mwaka. Ukidumu miaka mitatu, kila usiku umelipwa franka 2.000. Si kidogo. Lakini mfuko huohuo ukiwa wa kikundi, ukatoka na mwindaji mwezi wa sita, ukatoka na mama wa maharagwe mwezi wa saba mara mbili, ukatoka na anayempeleka mgonjwa Moba mwezi wa nane, unalala nje usiku 40, na kila usiku unakuwa franka 500. Tazameni wenzetu wa ng'ambo ya ziwa: Moshi, chini ya Kilimanjaro, kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, unaowaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo kabla hawajapanda mlima. Mpagazi hawezi kununua koti la theluji. Koti moja linawafaa wengi.

AVEC zetu na likelemba zetu zinaweza kuanza na mifuko miwili tu, mmoja wa mkubwa na mmoja wa wastani, na vipande viwili vya sponji. Pesa ya kuazima iwe ndogo, na iingie kwenye sanduku la kijamii, siyo mfukoni mwa anayetunza. Anayerudisha aufue na kuukausha mwenyewe. Arudishe ukiwa mkavu kabisa, kwa sababu ukiwekwa na unyevu siku tatu ukungu unaingia. Usihifadhiwe ukiwa umesukumwa ndani ya kifuko chake kidogo: nyuzi zinachoka. Uning'inizwe kwenye kamba ndani ya nyumba, au ukunjwe ovyo ndani ya gunia kubwa, juu, panya wasipofika. Katika buku ya kikundi andikeni jina, siku ya kutoka, siku ya kurudi na hali ya zipu. Na wakati wa kipupwe, maombi yakigongana, wa kwanza kupewa awe yule anayelala mahali pa juu zaidi, awe baba au mama.